Nimebuni mtandao wa wanaosubiri nguo kwa fundi, sasa mchumba anataka tuujenge kwa hela yangu ya kikoba

Shikamoo Shangazi,

Natumaini u mzima wewe na wasomaji wako wote. Mi ni binti wa miaka 26 naishi Mbagala, nimeajiriwa kwenye stationeri ya mtu, natoa kopi, naprinti, nawachapia watu barua za maombi ya kazi, na jioni wateja wakipungua nakaa naandika vitu vyangu kwenye stetasi ya WhatsApp. Huko kwenye stetasi ndiko mambo yalikoanzia.

Nina tabia ya kubuni mitandao ya kijamii ambayo haipo. Wa kwanza niliuita LUKU Moja, ni wa wapangaji wanaochangia mita moja ya umeme, ukijiunga huulizwi jina unaulizwa una pasi? una jagi la umeme? una friji? na kwenye ukurasa wako badala ya picha kunakaa yuniti ulizotumia tangu asubuhi na wapangaji wote wanaziona. Watu wakacheka sana wakaomba mwingine nikatoa Nipo Njiani, huo una kitufe kimoja tu, ukikibonyeza kinamwambia anayekusubiri "nipo njiani nakaribia" na ramani inaonyesha umefika Kariakoo hata kama bado uko bafuni. Nikatoa Mchango, mtandao wa kamati za harusi, humo hakuna urafiki kuna ahadi, mtu anakuja inboksi na kadi kabisa anakuuliza wewe ni singo au dabo. Nikatoa Chenji Yangu, ni kwa ajili ya abiria wawili ambao konda kawapa noti moja akawaambia mkagawane, mmoja akashuka nayo, basi mtandao unamtafuta mwenzio.

Ila uliovuma kuliko yote ni FundiKesho. Huu ni wa kila mtu ambaye nguo yake iko kwa fundi. Tarehe ya kuzaliwa hauandiki, unaandika tarehe ya sherehe, na hali yako unachagua kati ya "bado vifungo tu", "umeme ulikatika", "njoo kesho jioni" na "mi nilijua ni Jumamosi ijayo". Wakati wa Idi na Krismasi mtandao unaelemewa. Mwanachama wa heshima ni yule ambaye sherehe imeshapita na nguo bado haijakatwa.

Shangazi zile skrinshoti zimetembea, wanakuja dukani watu hata siwajui wananiuliza hiyo FundiKesho unaipakua wapi. Sasa mchumba wangu kashika hapo hapo anasema hii ni biashara, kila nyumba nchi hii kuna mtu ana nguo kwa fundi, ana rafiki yake anatengeneza apu na kamwambia akipata milioni tatu na nusu anaanza kazi. Hiyo hela anayoizungumzia ni yangu ya kikoba, tunavunja Desemba, na nimeiweka kidogo kidogo ninunue mashine yangu ya kutoa kopi niache kuajiriwa. Mama kasikia kasema hela ya kikoba haichezewi. Mchumba naye anasema simuamini.

Af kuna jingine. Fundi wangu, mama mmoja ambaye kanishonea tangu sare za sekondari, na yeye kaiona. Siku hizi nikimsalimia anaitikia kwa mbali, na kitenge changu yadi 6 anacho.

Naomba nishauri Shangazi, hiki kitu ni biashara kweli au ni kichekesho tu? Hela nitoe nisitoe? Na huyu mama nimwendeeje?

Wako, Binti wa Stationeri, Mbagala.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Nianze na linalokunyima usingizi, hela ya mashine usiitoe. Sikatai kwamba una kitu, tena nadhani una kitu kizuri kuliko mchumba wako anavyojua, ila hicho kitu kwa sasa hakihitaji milioni tatu na nusu, hakihitaji hata laki moja, na nitakueleza kwa nini hapa chini maana swali lako ni la maana na watu wengi wanalipita wanadhani ni utoto.

Mtandao wa watu wachache wenye jambo lao moja siyo kichekesho. Mwaka 2004 kule San Francisco jamaa mmoja anaitwa Ted Rheingold alianzisha Dogster, mtandao wa kijamii wa mbwa, ukurasa ni wa mbwa siyo wa mwenye mbwa, mbwa ana jina lake picha yake na marafiki zake mbwa. Mtu ukimsimulia anacheka kama walivyocheka na LUKU Moja yako. Lakini wenye mbwa walijaa, mwaka huo huo ikazaliwa Catster ya paka, na 2011 kampuni ikanunuliwa. Na usisahau Facebook yenyewe ilianza Februari 2004 ikiwa ya chuo kimoja tu, Harvard, kama hausomi pale huingii, mlango walikuja kuufungua kwa kila mtu Septemba 2006. Hapa kwetu JamiiForums ilianza 2006 na vijana wawili, Maxence Melo na Mike Mushi, wakati huo ikiitwa Jambo Forums, na ilipoanza hakuna aliyedhani watu watakesha humo wanabishana kwa Kiswahili.

Kwa hiyo udogo siyo shida. Mi ninachokiangalia ni kimoja, watu wakishacheka wana nini cha kufanya humo ndani kesho yake? Hebu tupitishe mitandao yako kwenye hilo swali.

Nipo Njiani naipenda sana, na utashangaa kusikia imeshawahi kutengenezwa, karibu kabisa na ulivyoiandika. Mwaka 2014 jamaa wa Israeli anaitwa Or Arbel alitoa apu inaitwa Yo, kazi yake ilikuwa moja tu, kumtumia mwenzio neno "Yo", basi. Inasemekana aliitengeneza kwa masaa kama 8. Watu walicheka wakapakua kwa fujo na wawekezaji wakatoa zaidi ya dola milioni 1, na haikuchukua muda wanafunzi wa chuo wakaidukua wakaonyesha kwamba namba za simu za watumiaji zinachukulika. Baada ya hapo kelele zikapungua ikafifia. Ukishatuma Yo mara ya kumi umemaliza, hakuna cha kurudia. Nipo Njiani ni hivyo hivyo, iache iwe stetasi, kwenye stetasi inaishi vizuri.

LUKU Moja watu wake wako sita na wanaishi ua mmoja, hao wanataka daftari na mwenye nyumba mwenye huruma awawekee mita ndogo ndogo. Chenji Yangu mtu anaihitaji siku moja akishapata mia tano yake au akikata tamaa harudi tena. Mchango una watu na una machungu ya kweli, ila kamati zote ziko WhatsApp tayari, na ukigusa michango umegusa hela za watu, harusi ikiharibika wanakuja kwako. Usiiguse.

FundiKesho ndiyo nimekaa nayo nikaifikiria, na hapa naomba unisome taratibu. Kuna mtandao Marekani unaitwa Ravelry, ulianza 2007, ni wa watu wanaofuma kwa sindano na kwa ndoano, sweta, kofia, soksi, shali. Aliyeuwaza ni mwanamke, Jessica, mwenyewe mfumaji, alikuwa anachoka kutafuta habari za uzi na mitindo zimetapakaa huku na huku. Mwenzi wake wa ndoa, ambaye sasa anaitwa Cassidy, anajua kuandika programu, akakaa akamwandikia. Leo una mamilioni ya waliojisajili. Na sababu ya watu kurudi kila siku haina maajabu, ukitaka kufuma sweta fulani unafungua unaona wote waliowahi kulifuma, uzi gani walitumia, uliwatosha au uliwapungukia, wapi walikosea, lilikaaje mwilini, na picha ipo. Kila anayeingia anaacha kitu ambacho anayemfuata atakikuta. Hiyo huwezi kuimaliza kwa kucheka mara moja.

Sasa geuza FundiKesho. Kwa jinsi ulivyoiandika ni ya kumlalamikia fundi, na malalamiko yanachosha haraka, wiki ya tatu wote mtakuwa mmesema kila kitu. Lakini wewe jiulize mwanamke akiwa na kitenge chake mkononi anataka kujua nini. Anataka kujua huu mshono unakula yadi ngapi kwa mtu wa mwili wangu, maana dukani wanakwambia nne inatosha ukifika kwa fundi anakwambia ongeza mbili. Anataka kujua kitambaa hiki kinachuja? kinataka bitana? zipu ya pembeni au ya mgongoni? Ushonaji bei gani Mbagala na bei gani Sinza kwa mshono ule ule? Ilichukua siku ngapi? Na picha ya nguo ikiwa imevaliwa na mtu wa kawaida mwenye tumbo na mapaja, siyo ile picha ya mwanamitindo tunayompelekea fundi af tunamlaumu kwamba haijafanana. Hizo habari zote zipo vichwani mwa wanawake na wanaume wa nchi hii na kwenye madaftari ya mafundi, hakuna mahali zimekaa pamoja, mtu akishona akikosea anabaki na kosa lake. Hapo mwanangu naona kazi, tena kazi ya heshima.

Na hiyo kazi inaanza bila apu. Fungua grupu la WhatsApp, linabeba watu 1,024 siku hizi na hao kwa kuanzia ni wengi kupita kiasi, we anza na thelathini tu, nusu wavaaji nusu mafundi wenyewe. Weka sheria moja, ukileta picha ya nguo iliyokamilika unaandika kitambaa, yadi, bei ya ushonaji na siku. Vichekesho ruhusu, ndivyo vilivyowaleta, vile vya "bado vifungo tu" waachie wacheke mpaka wachoke. Ila wewe kila jioni kaa na daftari, au hiyo kompyuta ya dukani kama tajiri wako anakuruhusu, unaingiza kila nguo kwenye jedwali. Nasisitiza hilo daftari kwa sababu kuna kampuni iliitwa Ning, mtu yeyote alikuwa anajitengenezea mtandao wake wa kijamii humo bure, watu wakajenga mitandao ya kila namna, 2010 wakatangaza bure imekwisha lipa au ondoka, na wengi waliokuwa hawana nakala ya vitu vyao walihangaika. WhatsApp ni nyumba ya mtu. Kilichomo ndani kiwe na nakala kwako.

Af tulia uangalie. Usihesabu wanaocheka, hesabu wanaoleta nguo bila wewe kuwachokoza, na hesabu wanaouliza swali wakajibiwa na mtu mwingine siyo wewe. Ukiona miezi imepita na ni wewe peke yako unahangaika kulichangamsha grupu, umejua bila kupoteza senti. Ukiona watu wanalalamika kwamba picha ya mshono waliouona mwezi uliopita hawaioni tena imepotea juu huko kwenye meseji, basi hapo ndipo apu inapoanza kuwa na maana, maana sasa unajua inatakiwa kufanya nini. Mtu akitengeneza apu kabla ya hapo anabahatisha kwa hela yako. Google wana hela ambazo mi na wewe hatuwezi kuzihesabu, walifungua Google+ mwaka 2011 na 2019 wakaifunga kwa watu wote wa kawaida, kwa hiyo hela peke yake haileti watu wakae.

Jingine ni majina. Kwenye grupu usiruhusu mtu kumtaja fundi kwa jina na namba na kumwita mwizi, hata kama kweli kachelewesha. Fundi huyo ana watoto anasomesha na upande wake haujausikia, na pia kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, namba za simu na vipimo vya miili ya watu ni taarifa zao siyo za kurusha ovyo. Siku ukitoka WhatsApp ukafungua tovuti yako, pita kwanza TCRA, wale wa Mamlaka ya Mawasiliano, uulize kanuni za maudhui ya mtandaoni zinakutaka nini, zilitoka 2018 na zimeshabadilishwa zaidi ya mara moja, usiulize mtaani waulize wenyewe. Na uwe tayari kusimamia. Kenya kulikuwa na jukwaa linaitwa Mashada la David Kobia, watu walikuwa wanaongea humo miaka mingi, vurugu za baada ya uchaguzi zilipotokea matusi ya kikabila yakajaa mpaka Januari 2008 akalazimika kulifunga. Najua ya kwako ni vitenge, lakini na vitenge watu hutukanana, wee subiri mtu aambiwe nguo imembana.

Kuhusu mchumba. Simfahamu na sitamsema vibaya, inawezekana anaona mbali na anakupenda. Ila naona kwenye barua yako wazo ni lako, maneno ni yako, waliocheka wamecheka na stetasi zako, hela ni yako, kazi ataifanya rafiki yake. Yeye kaweka nini? Muulize kwa upole kabisa, siyo kwa kesi, mwambie mpenzi mi naanza na grupu, naomba wewe uwe unaenda kwa mafundi wa Mbagala mmoja mmoja uwaombe wajiunge uwaelekeze kupiga picha nzuri. Akikubali akaenda juani, umepata mwenzio wa kazi na baadaye mnaweza kukaa mkaandikishana nani ana sehemu gani. Na akisema yeye anataka apu tu na hela itoke sasa, usibishane naye, ila umesikia. Kuhusu kukuambia humuamini, mtu kutotoa akiba yake ya kikoba kwa kitu ambacho hakijajaribiwa siyo kutomwamini mtu. Mama yako yuko sahihi hapo na mwambie nimesema hivyo.

Mashine nunua Desemba kama ulivyopanga. Tena mashine ndiyo itakayokulisha huku unalea hilo grupu, na dukani kwako ndiko watu watakapokujia waprinti vipimo na mishono, vitu viwili hivyo havigombani kabisa.

Nimemwacha fundi wako mwisho kwa sababu yeye ndiye muhimu kuliko wote. Mama aliyekushonea tangu sare za sekondari anaujua mwili wako ulivyobadilika, anajua bega lako lipi limeshuka. Ameona mtaa mzima unacheka kazi yake na hakuna aliyeandika kwamba umeme ukikatika cherehani ya umeme hailii, kwamba wateja nao wanaleta kitambaa Alhamisi harusi Jumamosi, wengine hawaleti hela ya uzi, wengine nguo ikiisha hawaonekani miezi mitatu. Nenda kwake asubuhi kabla wateja hawajajaa, usiende mikono mitupu, beba hata vitafunwa. Kitenge usikiulize siku hiyo. Mwambie mama nimekuja unieleze upande wenu mafundi, kwa nini kesho inakuwa kesho, na usikilize, uandike ukiruhusiwa. Atakachokwambia kiweke kwenye stetasi yako, kwa uchangamfu ule ule wako, siku hiyo watu wamcheke mteja anayeleta kitambaa Alhamisi. Mfungulie na yeye mtandao wake kabisa, uite Mteja Kesho, wa mafundi wanaosubiri mtu aje achukue nguo yake amalizie na hela iliyobaki, nakuhakikishia mafundi wataupeleka mbali kuliko ulivyofika wako.

Ukishapatana naye muombe awe admini wa pili wa grupu. Fundi akiwa ndani, mafundi wenzie wataingia, na bila mafundi hilo grupu halina wa kujibu maswali. Yadi ngapi, bitana ipi, oveloku ya nini, hayo majibu yako kwao.

Niandikie tena kikoba kikishavunjwa. Nataka kujua umenunua mashine aina gani, na kwenye grupu ni nguo ngapi zimeingia kwenye jedwali.